Nyota Waje, Lakini Vijana Wetu Wasiondoke Bila Stakabadhi

KILA msimu wa usajili unapowadia, wapenzi wa kandanda nchini hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoshangilia kila ndege inapotua Dar es Salaam ikiwa na mchezaji mpya kutoka Kinshasa, Abidjan au Ouagadougou, na wapo wanaonung'unika kwamba vilabu vyetu vikubwa vinawafungia mlango vijana wa nchi hii. Mabishano hayo hayaishii Msimbazi wala Jangwani. Yanafika hadi huku kwetu kusini, hadi Kilimarondo, ambako vijana wakitoka shambani husikiliza matangazo ya mpira redioni, kisha nao huenda kuucheza uwanjani mpaka giza liingie. Vijana hao wana haki ya kuuliza: katika mambo hayo makubwa, sisi tumo au hatumo?

Tumeona ni vyema leo tutoe maoni yetu juu ya suala hilo, kwa sababu tunaamini kwamba makundi yote mawili yanabishania sehemu ndogo ya jambo, na sehemu kubwa inaachwa bila kuguswa.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika. Mwaka 1977 Sunday Manara, aliyeitwa "Kompyuta" na mashabiki wa Yanga, alivuka bahari kwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi, akafungua njia ambayo wengi hawakudhani ipo. Mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos. Hayo yote yalifanywa na vijana waliolelewa katika viwanja vya nchi hii, na kila tunapoyataja tunajisikia fahari.

Lakini fahari hiyo isitufumbe macho. Baada ya Lagos, Taifa Stars ilikaa miaka 39 bila kurudi katika fainali hizo, hadi mwaka 2019. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ligi yetu ilijaa Watanzania, na wageni walikuwa wachache wa kuhesabika. Kama kuwazuia wageni peke yake kungetosha kuijenga timu ya taifa, basi miaka hiyo 39 ingekuwa miaka ya neema. Haikuwa hivyo. Anayesema leo kwamba dawa ya soka letu ni kufunga mpaka hana budi kutueleza ni kwa nini dawa hiyo haikumponya mgonjwa wakati ule.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 mambo yamebadilika kwa kasi. Idadi ya wachezaji wa kigeni ambao klabu moja inaruhusiwa kuwasajili ilipandishwa kutoka 5 hadi 7, kisha 10, na kufikia msimu wa 2021/22 ikawa 12. Fedha nazo zikaja. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo na Azam Media wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Wafanyabiashara wakubwa wakaingia Simba na Yanga, na vilabu vilivyokuwa vikihangaikia nauli ya basi vikaanza kushindana kwa dola.

Matunda ya mabadiliko hayo yameonekana, na ni haki yasemwe. Fiston Mayele wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyekuja Yanga mwaka 2021, alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika msimu wa 2022/23, na klabu yake ikafika fainali ya kombe hilo. USM Alger ya Algeria ilitwaa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu, baada ya jumla kuwa 2-2. Simba nayo, ikiwa na wageni kama Clatous Chama wa Zambia na Luis Miquissone wa Msumbiji, ilijenga mazoea ya kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na mwaka 2025 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco.

Faida hiyo haikubaki Dar es Salaam peke yake. Alama zilizokusanywa katika mashindano ya Afrika ziliifanya Tanzania ipewe nafasi 4 badala ya 2. Kwa sababu hiyo Biashara United ya Musoma ilicheza Kombe la Shirikisho msimu wa 2021/22, Geita Gold ikafuata msimu wa 2022/23, na Coastal Union ya Tanga ikapata zamu yake msimu wa 2024/25. Vijana wa Musoma, Geita na Tanga walipata kuvaa jezi za klabu za kwao mbele ya Afrika, na sehemu ya sababu ni mabao yaliyofungwa na watu waliozaliwa Kinshasa na Lusaka. Vilevile, katika mashindano ya CHAN yaliyofanyika hapa nchini, Kenya na Uganda mwezi Agosti 2025, ambamo huruhusiwa wachezaji wa ligi za nyumbani tu, Taifa Stars ilifika robo fainali kwa mara ya kwanza, ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0. Beki ambaye kila wiki humkaba mshambuliaji wa kiwango cha Afrika hana sababu ya kutetemeka anapokutana na mwingine wa namna hiyo.

Pamoja na hayo, wanaonung'unika nao hawanung'uniki bure. Tuangalie orodha ya wafungaji bora wa ligi yetu. Msimu wa 2017/18 alikuwa Emmanuel Okwi wa Uganda. Misimu miwili iliyofuata alikuwa Meddie Kagere wa Rwanda. Msimu wa 2022/23 Mayele na Mrundi Saido Ntibazonkiza waligawana heshima hiyo kwa mabao 17 kila mmoja. Msimu wa 2023/24 alikuwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso kwa mabao 21, na msimu wa 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast kwa mabao 16. Katika misimu hiyo 8 Watanzania walioongoza ni wawili tu: John Bocco wa Simba msimu wa 2020/21 na George Mpole wa Geita Gold msimu wa 2021/22. Nenda langoni, utakuta hali ile ile. Msimu wa 2024/25 lango la Yanga lilikuwa la Djigui Diarra wa Mali, na la Simba likawa la Moussa Camara wa Guinea. Kufunga na kudaka ni kazi zisizojifunzwa kwa kutazama. Kijana anayekaa benchi misimu mitatu hatoki pale akiwa mshambuliaji.

Mwezi Januari 2025 suala hili lilichukua sura nyingine, Idara ya Uhamiaji ilipothibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Makelele yaliyofuata yalionyesha jinsi hisia za wananchi zilivyo kali katika jambo hili. Sisi hatuna ugomvi na mtu yeyote aliyepewa uraia kwa mujibu wa sheria. Tunasema tu kwamba nchi inayotafuta mchezaji kwenye makaratasi ya uraia inapaswa pia kutazama kama inawatafuta kwa bidii ile ile wale iliowazaa.

Hapa ndipo tunapotaka kuwarudisha wasomaji wetu huku kusini, kwa sababu tunao mfano wetu wenyewe. Namungo ya Ruangwa, yenye uwanja uliopewa jina la Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa 2015 hadi 2025 na mwana wa wilaya hiyo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Katika msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Msimu uliofuata iliiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, ikaingia hatua ya makundi. Huko ilikutana na Raja Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikapoteza michezo yote 6.

Wananchi wa Lindi wanaikumbuka safari hiyo kwa furaha na kwa uchungu pia. Lakini tusisahau kwamba timu iliyotupa furaha hiyo ilipikwa na kocha Mnyarwanda, Hitimana Thierry, na ilimtegemea mshambuliaji Mrundi, Blaise Bigirimana. Kwa hiyo hata sisi wa kusini tulipotaka kupanda haraka tulikwenda kwa jirani kuazima. Hatukufanya dhambi. Hata hivyo tuulizane kwa unyofu: katika kikosi kilichosimama mbele ya Raja Casablanca, vijana wa Nachingwea na Ruangwa walikuwa wangapi? Na kama walikuwa wachache, je, ni Mrundi aliyewazuia, au ni kwamba hapakuwa na njia ya kuwafikisha pale?

Maoni yetu ni kwamba njia ndiyo iliyokosekana. Ili kuyaeleza vizuri zaidi, tunaomba wasomaji watuvumilie tutazame nchi za mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, yaani besiboli. Huko Marekani, kwa miaka mingi, watu wamebishana kama timu zao zifanye vyema kuwachukua nyota wa Japani, na Wajapani kwa upande wao wamebishana kama wawaachie. Mwaka 1964 kijana Masanori Murakami wa klabu ya Nankai Hawks alikwenda San Francisco kujifunza, Wamarekani wakampenda, wakataka kubaki naye. Ugomvi uliozuka ulikuwa mkubwa, na baada yake, kwa miaka 30 hivi, hakuna Mjapani mwingine aliyecheza ligi kuu ya Marekani mpaka Hideo Nomo alipokwenda Los Angeles mwaka 1995.

Ufumbuzi haukuwa kufunga mlango, na haukuwa kuuacha wazi. Mwaka 1998 pande mbili zilikubaliana utaratibu ambao klabu ya Marekani inayomtaka mchezaji aliye bado na mkataba Japani huilipa klabu yake ya zamani. Shohei Ohtani alipokwenda Marekani kwa msimu wa 2018, klabu yake ya Nippon Ham Fighters ililipwa dola milioni 20. Yoshinobu Yamamoto alipochukuliwa na Los Angeles Dodgers mwezi Desemba 2023 kwa mkataba wa dola milioni 325, klabu yake ya Orix ilipata zaidi ya dola milioni 50 kwa hesabu ya asilimia iliyoandikwa katika makubaliano. Japani haikufa kwa kuwaachia nyota wake. Mwezi Machi 2023 iliifunga Marekani 3-2 mjini Miami, ikawa bingwa wa dunia wa mchezo huo, kwa sababu nyuma ya kila nyota aliyeondoka walikuwapo vijana wengine mashuleni, na nyuma ya kila mkataba palikuwa na fedha iliyorudi kule alikotoka.

Sasa tuitazame nafasi yetu. Katika biashara hii Tanzania ni mnunuzi na ni muuzaji pia. Simba ilimnunua Miquissone kutoka Msumbiji, ikamuuza kwa Al Ahly ya Misri mwaka 2021. Yanga ilimleta Mayele kutoka AS Vita, ikamuuza kwa Pyramids mwaka 2023. Wenyewe tulimtoa Mbwana Samatta, ambaye kutoka Simba alikwenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwezi Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Vilabu vya Dar es Salaam vinajua kuuza na vinajua kununua. Ambaye hajui ni yule wa mwanzo kabisa, aliyempa mtoto mpira wa kwanza.

Mkulima wa Kilimarondo analielewa jambo hili kuliko wengi. Anapopeleka korosho zake ghalani, zinapimwa, anapewa stakabadhi, na mnada ukifanyika malipo hufuata karatasi ile. Utaratibu huo una kasoro zake, na wakulima wamezilalamikia mara nyingi, lakini hakuna mkulima mwenye akili atakayekubali gunia lake liondoke bila stakabadhi. Iweje basi kijana aliyefundishwa mpira na mwalimu wa shule ya kata, akavalishwa jezi ya kuchangiwa, akang'ara katika kombe la mbuzi na katika UMITASHUMTA, aondoke asubuhi na basi kwenda Dar es Salaam bila kipande cha karatasi kinachosema ametoka wapi?

Karatasi hiyo si pambo. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawiwe kwa vilabu vilivyomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo, kati ya 12 na 15, kila mmoja hubeba robo ya asilimia moja ya bei. Kwa hesabu hiyo, kijana akiuzwa kwa dola milioni moja, klabu iliyomlea katika miaka hiyo minne inastahili dola 10,000, yaani zaidi ya Sh milioni 20. Kwa timu ya mchangani hiyo ni mipira, nyavu, viatu na nauli za miaka mingi. Lakini fedha hiyo hufuata rekodi za usajili. Klabu isiyosajiliwa, na mtoto asiyeandikwa, haviko katika hesabu. Kanuni hizo hizo zinavitaka vyama vya nchi viweke pia utaratibu wa kuvituza vilabu vya nyumbani vinavyolea vijana.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, kikomo cha wachezaji wa kigeni kisipunguzwe kwa hasira wala kisiongezwe kwa tamaa. Mgeni anayekuja awe ni nyota kweli, aliyethibitika, anayecheza na kufundisha wenzake kwa mfano. Mgeni wa kukaa benchi ni hasara mara mbili, kwa klabu inayomlipa na kwa kijana aliyenyimwa kiti hicho.

Pili, klabu yoyote ya Ligi Kuu inayosajili wageni ilazimike kuonyesha timu za vijana zinazocheza mechi halisi, siyo orodha ya majina iliyowekwa mezani siku ya ukaguzi. Na sehemu ya ada za usajili wa wageni ielekezwe wazi wazi katika mpira wa vijana wa wilaya, ili kila nyota anayetua Dar es Salaam awe amechangia uwanja mmoja mahali ambapo ndege haitui.

Tatu, klabu ya Ligi Kuu inapomchukua kijana kutoka timu ya kata, iilipe timu hiyo fidia ya malezi, hata kama ni ndogo. Namungo, kwa kuwa ni ya kwetu, ingefaa iwe ya kwanza kuonyesha mfano huo.

Nne, na hili ni letu wenyewe, chama cha mpira cha wilaya na maofisa michezo waanze sasa kuwaandikisha watoto wanaoshiriki UMITASHUMTA na UMISSETA pamoja na timu za kata, majina yao, tarehe zao za kuzaliwa na timu zao. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu na mtu anayewajibika. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao katika korosho na ufuta zinaweza kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya mipira na viwanja, kwa maana wanaolima mazao hayo ndio wazazi wa wachezaji hao.

Mwisho tunawaasa wazazi. Mtu yeyote akija na ahadi ya kumpeleka kijana Dar es Salaam au Uarabuni, aulizwe kwa jina la klabu gani, kwa mkataba gani, na mbele ya shahidi gani. Kanuni za FIFA, kwa ujumla, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mwenye nia njema hataogopa kwenda ofisini kwa mtendaji wa kata kuandikishana.

Mgeni hakumnyang'anya kijana wa Kilimarondo nafasi yake. Nafasi hiyo haikuwahi kuandikwa mahali popote. Tuwakaribishe nyota wanaokuja, tuwashangilie wakifunga, tujifunze kwao. Lakini kabla ya msimu ujao wa usajili kufunguliwa, kila kata ya wilaya zetu iwe na daftari lake, na katika daftari hilo yawepo majina ya watoto wetu. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuidai nafasi yao.